Maneno ya Bata

Redio alirudi nyumbani mchana kweupe, sare ya kazi ikiwa bado mwilini, akamkuta mama yake ndani ya kabati la nguo.

Hilo la kabati halikumshangaza. Katika nyumba ile ya vyumba viwili kila mtu alijua kwamba mlango wa kabati ukiwa wazi nusu, na blanketi limetundikwa juu yake, basi mama mtu yuko kazini. Makoti yanameza mwangwi, friji imezimwa isingurume, na mkewe Redio amepiga magoti sakafuni akimshikia mama mkwe wake simu karibu na mdomo. Mkewe alimwona mlangoni, akaweka kidole midomoni. Redio akasimama hapo hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alikuwa amebeba habari ya kubomoa nyumba, na akatakiwa asubiri kuku amalize kutaga.

"Jana nilitaga mawili nikapigiwa makofi," ilisema sauti nyembamba kutoka ndani ya makoti. "Leo wanataka matatu. Kesho, jamani, nitataga banda lenyewe!"

"Mara moja tena, mama. Hapo kwenye 'jamani' vuta kidogo."

"Nivute mpaka wapi? Nitafia humu kwa joto, mje mnizike na hanga za makoti."

"Moja tu, mama yangu. Ya mwisho."

Mama akavuta. Redio akaegemea mlango akitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa na povu la sabuni lililokaukia ncha. Siku nyingine yoyote angecheka.

Kazi ya mkewe ndiyo hiyo, na wewe usicheke. Kuna gemu moja ya simu, ya banda la mifugo, inayochezwa na watoto na hata watu wazima waliokaa kwenye foleni. Unalisha, unaokota mayai, na ukimgusa mnyama anasema neno la kuchekesha. Maneno yote yale huandikwa na huyu mwanamke aliyepiga magoti, na mama mkwe wake ndiye anayeyasema. Kijana wa ofisi ya gemu alimpa sharti moja tu: "Mambo mepesi, dada. Watu wacheke." Naye aliitikia vizuri, kisha yote yaliyomkaa kooni akayatia mdomoni mwa mifugo. Mbuzi wake anasema, "Wameniongezea kamba! Sasa nayaona kwa karibu majani nisiyoyafikia." Punda wake anasema, "Mimi hapa si mfanyakazi, ni mwanafamilia. Ndiyo maana silipwi." Wengi walicheka wakaendelea kuokota mayai. Wachache walicheka, kisha wakanyamaza kidogo, na mwandishi alikuwa akiandika kwa ajili ya hao wachache.

Mama akatoka kabatini akijipepea kwa kanga. Akamwona mwanawe.

"We, mbona saa hizi? Umeme umekatika huko kwenu?"

"Hapana, mama. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka Jumatatu."

"Unaumwa?"

"Mimi siumwi," alisema Redio. "Anayeumwa ni bata."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Hawakuuliza bata gani.

*

Redio alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia. Malori yanaleta mashuka ya mahoteli na mahospitali yakiwa milima, na malori yanayachukua yakiwa yamenyooka kama karatasi. Wanaume wanapakia mashine za kufulia, wanawake wanasimama kwenye pasi kubwa ya mvuke inayomeza shuka upande huu na kulitapika upande wa pili. Joto la hapo halisimuliki. Maji yapo mpaka kwenye vifundo vya miguu, lakini yana dawa. Ya kunywa yalikuwa kwenye mitungi miwili iliyosimama karibu na mlango, na asubuhi moja mitungi hiyo ikaondolewa. Anayekunywa hukojoa, na anayekwenda kukojoa huacha mashine.

Aliyewatangazia ni msimamizi wao, mzee waliyembandika jina la Mzee Mikunjo, kwa sababu suruali yake ilikuwa na mkunjo unaoweza kukatia sabuni. Wanawake walipomuuliza watakunywa nini, alikohoa vikohozi viwili vidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wakwe, akasema: "Kiu ni mazoea, binti zangu."

Jioni hiyo Redio alilipeleka neno hilo nyumbani. Hakuitwa Redio bure. Angeweza kumwigiza mtu yeyote, hata anayedai kodi akiwa bado mlangoni. Aliinuka mezani, akaweka mikono nyuma, akatoa shingo mbele, akakohoa mara mbili, akasema lile neno huku akilivuta "binti zangu" kama ulimi umenasa kwenye gundi. Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi. "Andika hiyo!" Redio alimwambia mkewe. "Mfanye bata! Huyo mzee ni bata kabisa!" Ni yeye mwenyewe aliyesema hivyo, na hilo tulikumbuke kabla hatujaanza kugawa lawama.

Mkewe akaandika. Alikuwa mwangalifu, au alidhani hivyo. Kiwanda kikawa banda, mashuka yakawa mayai, mitungi ikawa bakuli la maji la kuku. Nani atalitambua neno moja la kipuuzi kinywani mwa bata? Alichosahau ni kwamba mama mkwe wake hakuwa msomaji wa maneno, alikuwa mama wa Redio. Hakuwahi kumwona Mzee Mikunjo hata kwa picha. Alimwigiza mwanawe akimwigiza Mzee Mikunjo, na vikohozi vyote viwili vikapita.

"Sasa kumetokea nini?" aliuliza mkewe. Walikuwa wameketi, na friji ilikuwa imewashwa tena.

"Leo mwenye kiwanda kaleta wageni, watu wa hoteli moja kubwa, waje waone tunavyofua. Wako pale kwenye pasi, binti mmoja akaanguka. Puu! Kazimia. Mzee Mikunjo akakimbia, akainama, akataka kusema kitu. Unajua hawezi kusema kitu bila kukohoa. Akakohoa."

"Halafu?"

"Halafu mstari mzima wa wanawake ukaitikia kwa sauti moja, 'Kiu ni mazoea, binti zangu!' Kama kwaya."

"Yesu na Maria," alisema mama, mkono kifuani, lakini pembe za mdomo zikamchezacheza, maana hata katika msiba msanii hupenda kusikia kwamba kazi yake imefika.

"Mwenye kiwanda ndiye aliyecheka wa kwanza. Mwanawe anacheza hiyo gemu. Akasema, 'Kumbe bata wetu yuko hapa!' Wageni wakacheka. Kila mtu akacheka. Yule binti alikaa pale chini kitambo kizuri kabla mtu hajamkumbuka."

"Na Mzee?"

"Mzee aliniita ofisini kwake. Akaniambia, kiwanda kizima mwenye mdomo wa namna hii ni wewe peke yako. Nikamwambia, mzee wangu, ile ni sauti ya mwanamke mtu mzima, siyo mimi. Akaniambia, kwani huna mama?"

Mshahara wa Redio ndio uliolipa kodi ya vile vyumba viwili, na ndio uliomnunulia mama dawa za presha ambazo daktari alisema zisikosekane hata siku moja. Maneno ya kuku yalilipwa, ndiyo, lakini kwa kiasi cha kuku: yalitosha sabuni, mkaa na vocha. Redio akimwaga unga pale kiwandani, wote watatu walijua hesabu ilivyo, na hakuna aliyetaka kuitaja.

*

Kesho yake mkewe Redio alimpigia simu yule kijana wa ofisi ya gemu. Alikuwa kijana mchangamfu, wa kukuita "dada yangu" kabla hajajua unataka nini.

"Dada yangu! Nilikuwa nakuwaza. Kuku amefika, mama ametisha. Ametisha!"

"Ahsante. Nina ombi. Nataka tumtoe bata."

"Tumtoe wapi?"

"Kwenye gemu. Au tumbadilishie lile neno lake la kiu. Nitakuandikia jingine, bure."

Kijana akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Dada, bata ndiye anayetulisha. Watu wanamgusa bata kuliko wanyama wengine wote wakijumlishwa. Tumemchapisha kwenye fulana. Kuna kampuni ya soda inataka kuzungumza nasi juu ya bata. Nimtoe?"

"Badilisha sauti tu, basi. Ile sauti."

"Kwani sauti ina nini?" Sasa uchangamfu ulikuwa umepungua kidogo. "Dada, hebu niambie ukweli. Huyu bata anamsema mtu? Maana tulikubaliana, mambo mepesi. Kama kuna mtu humo ndani, wa siasa, au wa kampuni fulani, mimi lazima nijue. Mkubwa wangu lazima ajue. Itabidi tupitie maneno yako yote, mnyama kwa mnyama."

Mwandishi alisimama dirishani na simu sikioni. Akisema ndiyo, na yeye amemwaga unga, nyumba ibaki bila hata unga wa kuku. Akisema hapana, bata anabaki pale pale anakohoa. Muda wote ule aliokuwa akiandika, alikuwa akitamani siku moja mtu amuulize swali hilo. Alikuwa ameandaa hata jibu, jibu refu, la kujigamba.

"Hapana," alisema. "Hamsemi mtu. Ni utani tu."

"Hapo sawa! Ulinitisha. Msalimie mama."

Alipogeuka alimkuta mama mkwe wake amesimama nyuma yake na sufuria mkononi.

"Wamekataa?"

"Hawawezi, mama. Eti yuko ndani ya simu za watu. Maji yakishamwagika."

"Basi vaa viatu," alisema mama. "Sauti ni yangu. Nitakwenda kuiombea msamaha mwenyewe."

*

Redio aliwasindikiza mpaka kwenye kona ya mtaa wa Mzee Mikunjo, akakataa kuvuka. Alisema wanaume wakikutana watakwaruzana. Ukweli ni kwamba aliona haya, na mama yake alijua, akamwacha na aibu yake pale penye kibanda cha fundi viatu.

Walitegemea nyumba ya mkubwa. Wakakuta mlango kama wao, korido kama yao, na harufu ile ile ya mafuta ya taa. Mzee alifungua mwenyewe. Alikuwa amevaa singlendi iliyotoboka begani na taulo kiunoni. Nyuma yake, juu ya meza iliyotandikwa blanketi, suruali ilikuwa imelala na pasi imesimama pembeni, bado ina moto. Alipowaona wanawake alijificha nusu nyuma ya mlango, akasema, "Samahani, samahani," akaivaa ile suruali huko huko nyuma ya mlango huku ikimchoma, maana walimsikia akivuta pumzi kwa meno.

Aliwapa viti. Akawaletea maji, bilauri mbili kwenye sinia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyagusa.

"Mimi ni mama yake Redio," alisema mama. "Na huyu ni mke wake. Yeye anaandika, mimi nasema. Mwanangu hana kosa ila la kuja nyumbani na kutuchekesha. Nimekuja kukuomba radhi, baba. Mimi nina miaka yangu na wewe una yako. Haikupaswa."

Mzee Mikunjo aliitazama mikono yake. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Fanya."

"Nifanye nini, baba?"

"Hivyo unavyofanya. Nataka kusikia."

"Mzee wetu," mkwe mtu aliingilia, "tumekuja kwa heshima, usitufanye—"

"Sikutukani, binti yangu. Kila mtu amesikia, mimi nimesikia kwenye simu ya mjukuu wangu mara moja tu, akaizima akakimbia. Nataka kusikia vizuri."

Mama aliweka mkoba chini. Alinyoosha mgongo, kwa sababu hakujua kufanya kazi yake ovyo hata alipotaka. Akakohoa mara mbili, akasema. Humo ndani ya chumba, bila makoti wala blanketi, ilitoka kama ilivyo. Mzee alifumba macho.

"Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia nina kikohozi cha kinafiki," alisema. "Nilidhani ananitania." Akafumbua macho. "Unajua lile neno nililitoa wapi? Niliitwa juu asubuhi, nikaambiwa mitungi iwe imetoka kabla ya saa sita. Sikuulizwa. Nikaenda kusimama chooni. Nikawaza, nitawaambia nini hawa watoto? Wanasimama pale kwenye moto, mimi nakuja kuwanyang'anya maji. Nikasema, ngoja nitafute kitu cha kuwachekesha. Angalau wacheke. Ndiyo nikapata lile. Mimi nilidhani ni mzaha mzuri."

Kwa miezi mkewe Redio alikuwa amemtengeneza huyu mtu kichwani, akamchonga mdomo, akampa makalio mapana na mwendo wa kujinata, na kumbe naye alikuwa mwandishi mwenzake, tena wa kiwango cha chini. Aliona huruma, na huruma hiyo ilimuudhi, kwa sababu hakujua sasa aiweke wapi ile hasira.

"Kwa nini hukuwaambia imetoka juu?" aliuliza.

"Wewe nawe. Ningewaambia hivyo, ningebaki na kazi?" Aliuliza kwa upole kabisa. "Na bata wako, kwa nini hakusema imetoka juu?"

Katika banda lake la mifugo, mwenye banda hakuwahi kuonekana. Mwenye banda alikuwa mchezaji mwenyewe, anayeokota mayai, na mchezaji haruhusiwi kuudhiwa.

"Baba, tusaidie," alisema mama. "Msemee huko juu. Sema umetusamehe."

"Nimewasamehe. Lakini mama, mimi wa kumsemea mtu? Na mimi nimeitwa Jumatatu."

Aliwasindikiza mpaka ngazini, akiwaonya kuhusu kidato kimoja kilichovunjika. Yale maji walikuwa wameyaacha vile vile kwenye sinia.

*

Ofisi ya mwenye kiwanda ilikuwa na ubaridi wa duka la nyama. Redio na Mzee Mikunjo walisimama bega kwa bega kwenye zulia, kama wanafunzi waliokutwa na kosa moja.

"Ndiyo wewe mwana wa bata!" alisema mwenye kiwanda. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa mtu mwenye tumbo jema na meno mazuri. "Mama yako ana kipaji, bwana. Wale wageni wangu mpaka leo wananipigia simu wakikohoa. Wametusainia kazi ya mwaka mzima! Nani alisema kicheko hakilipi?"

Redio alijaribu kutabasamu. Hakujua kama inafaa.

"Sasa tatizo ni moja. Mzee huyu, mimi nampenda, tumetoka naye mbali, lakini wale wanawake hawamsikii tena. Akifungua mdomo wanacheka. Mashine zinasimama. Mzee, nasema uongo?"

"Hapana, bosi," alisema Mzee Mikunjo, na hakukohoa. Ilionekana wazi jinsi alivyokizuia, mishipa ya shingo ikasimama.

"Basi apumzike. Amechoka. Nafasi yake naweza kutafuta mtu wa nje, lakini nikajiuliza, nani wanamsikiliza pale? Wakakutaja wewe. Anachekesha, wanampenda. Kuanzia leo wewe ndiye msimamizi."

Redio alisogea nusu hatua kwenye zulia. "Na mitungi, bosi?"

"Mitungi gani?"

"Ya maji. Ya kunywa. Pale kwenye pasi."

Mwenye kiwanda alifikiri kwa dhati. Hakuwa akijifanya, hakukumbuka kabisa. "Hayo ya huko chini mtayamaliza wenyewe huko chini. Mimi ninachotaka mashine isisimame."

"Na kama... tuseme mtu hataki hii nafasi?"

"Hakuna kulazimishana." Meno mazuri yakaonekana tena. "Mtaondoka pamoja, mtasindikizana."

Redio alifikiria dawa za presha kwenye kikopo chao kidogo cha bluu juu ya friji. Alifikiria pia kumtazama Mzee aliyesimama karibu naye, akashindwa. Akasema ahsante. Ndilo neno lililotoka, na alilisema mara mbili.

Kwenye korido Mzee Mikunjo alimkabidhi funguo za stoo. Redio alitaka kusema kitu, yeye ambaye hajawahi kukosa la kusema, akabaki ameshika funguo.

"Usisimame karibu na pasi ukiwa unasema nao," Mzee alimwambia. "Mvuke unaharibu mkunjo." Akashuka ngazi, na wanawake waliokuwa wakipita na mikokoteni ya mashuka wakampisha. Mmoja wao akajisahau akalia kama bata, kisha akajiziba mdomo.

*

Nyumbani walifurahi, tusidanganyane. Mama alipiga vigelegele, akaushika uso wa mwanawe kwa mikono yote miwili. "Kazi mbaya si mchezo mwema," alisema. "Na hii wala si mbaya!" Mkewe alimkumbatia. Siku zote zile alikuwa amejiona ndiye aliyewatia njaa. Sasa hakuna njaa, tena mshahara umepanda.

Redio hakula. Alikuwa ameigeuza sahani yake mara tatu bila kutia tonge.

"Walinishangilia," alisema hatimaye. "Niliposhuka chini, walinibeba. Kweli, walinibeba juu juu. Wakasema sasa mwenzetu yuko mezani. Wakaniuliza mitungi inarudi lini."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kesho nitawajibu. Nikapanda juu tena. Katibu wake akaniambia bosi ameshasema, mashine isisimame." Alisogeza sahani. "Kesho ndiyo kesho."

Nje mtu alikuwa akiita mtoto wake aende kuoga, akimwita kwa kila jina.

"Waambie ukweli," alisema mkewe.

"Ukweli wanaujua. Ukweli unawaangusha kila siku pale. Hawajaniuliza ukweli, wameniuliza maji." Kisha akasema bila kumtazama, "Wewe ndiye fundi wa maneno humu ndani. Nitafutie kitu."

"Kitu gani?"

"Cha kuwaambia kesho. Kiwe chepesi. Wacheke."

Mkewe alimkazia macho kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake. Alitaka kukataa. Alikuwa na maneno ya kukataa, makali, mazuri, na kila alipoyapanga aliona yote yanamwangukia huyu aliyekaa mbele yake, ambaye hakuondoa mitungi na hawezi kuirudisha. Kule juu hayakufika. Hayakuwahi kufika, hata yalipochezwa na mtoto wa huko huko juu.

Akavuta simu yake, mahali anapoandikia ya mifugo. Aliandika sentensi, akafuta. Akaandika nyingine. Kazi ilimchukua kama inavyomchukua siku zote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, kwamba kuna kitambo alisahau anaandika nini akawa anatafuta tu neno litakalokaa vizuri. Alipolipata, alijua.

"Mama, hebu isome tusikie inavyosikika."

Mama akapokea simu, akaisogeza mbali na macho. "Niisome kwa sauti ya nani?"

Mkwe wake aliitazama ile sahani iliyosogezwa.

"Ya mwanao."

Mama akasoma. "Jamani, mitungi imekwenda likizo! Tuipongeze, maana angalau humu ndani kuna aliyepata likizo." Ilikuwa ni Redio mtupu, na kile kicheko chake cha puani mwishoni. Redio mwenyewe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaomba isomwe tena, apate kuishika.

Kesho yake walicheka sana. Walishikana mabega kwa kucheka, wakapigana vibao vya mgongoni, wakalirudia neno lile kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Yule binti aliyezimia ndiye aliyecheka kuliko wote, akajifuta macho kwa ncha ya shuka la hoteli. Halafu kengele ikalia, wakarudi kwenye pasi.